Mwalimu wa Alhamisi na Ijumaa

Mke wangu husema mimi ni mwalimu wa siku mbili kwa wiki na wa maneno siku saba. Alhamisi na Ijumaa nafundisha injini za meli katika chuo kidogo cha mabaharia kando ya ziwa. Siku nyingine niko kwenye karakana yangu Hamugembe, hapa Bukoba, natengeneza injini za boti na mashine za kukoboa kahawa, huku nikimsimulia kila mteja habari za chuo, atake asitake. Sikatai. Nimekaa kwenye vyumba vya injini vya meli za ziwa hili kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniita mwalimu. Niliitwa fundi, nikaitwa chifu, yaani mkuu wa chumba cha injini, na nahodha mmoja aliniita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kwa hiyo kijana akinipita njiani Kahororo, ninakoishi, akasema "Shikamoo mwalimu," huwa naitikia kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya tatu.

Kazi hii niliipata kwa sababu ya injini moja. Chuo kilikuwa na injini ya dizeli ya silinda sita iliyotolewa kwenye meli ya mizigo iliyokwisha kustaafu, imefungwa ndani ya banda lenye mlango mpana unaotazama ziwa. Ilipendeza kwa macho, ila ilikuwa haiwaki. Wanafunzi waliisoma kama watu wanaosoma mifupa. Mkuu wa chuo alikuja karakana akaniomba nikaitazame. Niliifungua, nikabadilisha ringi za pistoni, nikazibua mabomba ya maji, nikagombana na nozeli zake moja baada ya nyingine, na baada ya wiki tatu ikanguruma hata akina mama waliokuwa wakianika dagaa ufukweni wakaja kuchungulia. Mkuu wa chuo alinishika mkono akasema, "Mzee, sasa tusaidie na wanafunzi." Nilimwambia sina digrii, nina cheti cha ufundi na vyeti vya meli, basi. Akasema walimu wenye digrii anao, asiye naye ni mtu aliyewahi kuunguzwa na injini. Nikakunja mkono wa shati nikamwonyesha kovu langu. Tukakubaliana hapo hapo.

Somo langu la kwanza halikuwa la injini, lilikuwa la kupiga kelele. Chumba cha injini hakina nafasi ya mtu wa kunong'ona, na sikio langu la kulia nalo injini zilikwisha kuondoka nalo zamani. Nikisema "Fungua maji," ninayemwambia lazima arudie kwa sauti, "Nafungua maji," na akishafungua aseme, "Maji yamefunguliwa." Hapo ndipo naamini. Ni jambo dogo, lakini wanafunzi wetu wengi wametoka kwenye vibanja vya migomba na kahawa, ambako mtoto mwema humjibu mkubwa kwa sauti ya chini huku ametazama ardhi. Wakatoliki na Walutheri, wote wamelelewa vilevile. Nami pia. Kwetu Maruku, ukimjibu baba kwa sauti kubwa ulikuwa umemtukana. Ilinichukua mwezi mzima kuwafanya wapaze sauti, na siku darasa zima liliporudia amri kwa pamoja, hata mbayuwayu wakatoka darini, nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Aliyepata shida kuliko wote ndiye aliyekuwa bora kuliko wote. Alikuwa binti wa mwaka wa pili kutoka Muleba, mtoto wa mkulima, mwembamba, asiye na maneno. Mikono yake ilikuwa na akili. Wenzake walipokuwa wanatafuta kwenye kitabu kwa nini injini inatoa moshi mweusi, yeye alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza, kisha anaweka kidole kwenye silinda ya nne, na kweli tatizo lilikuwa silinda ya nne. Nimefanya kazi na mafundi wenye mvi ambao hawakuwa na sikio lile. Lakini kila asubuhi, kabla ya kitu chochote, alipiga magoti kunisalimia, pale pale kwenye sakafu yenye oili. Ovaroli yake ilikuwa na madoa mawili meusi magotini, na madoa hayo hayakutokana na kazi. Nilimwambia mara tatu kwamba bandani hatupigi magoti. Alisema "Ndiyo mwalimu," na kesho yake akapiga.

Ijumaa moja niliamua kuwapima. Kabla hawajaingia nilifunga koki ya maji ya kupoza injini, yale yanayovutwa kutoka ziwani, na kila kitu kingine nikakiacha sawa. Mkono wa koki ile umepakwa rangi nyekundu. Ukikingama bomba, maji yamefungwa, na hakuna aliyefika mwaka wa pili asiyejua hivyo. Nikamweka yule binti kwenye mkono wa kuwashia, darasa likajipanga, nikasema, "Washa." Nikayaona macho yake yakienda kwenye koki, yakakaa pale, yakarudi kwangu.

"Nawasha," akasema. Akawasha.

Niliizima injini kabla haijapata joto, nikauliza nani ameona koki. Nikauliza tena, kwa sauti ambayo sijivunii. Mkono mmoja ukanyooshwa, kisha wa pili, kisha yote. Darasa zima lilikuwa limeona. Watu kumi na wanne, macho ishirini na nane, na injini ya watu ingeungua mbele yao kwa sababu ya adabu.

"Na wewe uliona?" nilimwuliza binti.

"Niliona, mwalimu."

"Mbona umewasha?"

Akatazama chini. "Si wewe ndiye uliyesema?"

Hakuwa ananifanyia jeuri. Alikuwa ananieleza jambo ambalo kwao lilikuwa wazi kama mchana, na kibaya zaidi, hata kwangu lilikuwa wazi. Nilikasirika kiasi cha kuwaruhusu waende kabla ya saa, maana ningebaki ningesema mambo ya kujutia.

Nyumbani nilimkuta mke wangu barazani anachambua maharage. Nikamsimulia huku natembea huku na huko. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatupa jiwe moja uani, akasema, "Na wewe hapa nyumbani, ni nani aliyewahi kukwambia hapana ukamwacha amalize?"

Nikamwambia hayo ni mambo mengine.

"Haya. Ule mfereji wa maji ya mvua ulioufunga kwenye paa umelalia upande wa mlango. Mwaka wa nne huu unamwaga maji mlangoni. Watoto wanaona, wakwe wanaona, hata mchungaji alipokuja kutuombea aliona. Wote wanaruka dimbwi."

Nilitoka nikautazama. Ulikuwa umelalia upande wa mlango. Mimi, chifu wa meli, nimefunga mfereji unaoleta maji mlangoni kwangu! Lakini kitu kilichonijia akilini pale uani hakikuwa mfereji. Nilimkumbuka chifu wangu wa kwanza, nilipokuwa kijana wa kupaka grisi. Alikuwa mtu wa kijiji chetu, rika la baba. Siku moja aliingiza mkono kuutoa mkanda wa pampu uliokwama, na mimi niliona kwamba hakuzima swichi. Niliona kabisa. Nikafungua mdomo, nikaufunga, kwa kuwa nilihisi kumwambia mzee yule kwamba amesahau ni kumvua nguo. Alipoteza vidole viwili. Hakuwahi kujua kwamba niliona, akanipenda mpaka alipostaafu, na kupendwa huko kuliniuma kila siku.

Basi Alhamisi iliyofuata nikaweka utaratibu mpya. Kila kipindi, bila kuwaambia ni saa ngapi, nitatoa amri moja ya makosa. Atakayenizuia hataosha vipuri siku hiyo, na mimi ndiye nitakayeosha kwa niaba yake. Mwanzoni walicheka kwa woga. Kisha kijana mmoja wa Kemondo, mwenye mdomo, akanizuia nilipoagiza mafuta ya taa yatiwe mahali pa oili, na darasa likaniona nimeinama kwenye karai, nasugua vipuri. Kuanzia hapo ikawa sherehe. Walinizuia hata nilipokuwa sahihi. Mkuu wa chuo alikuja kutazama, akafurahi, akaanza kuwasimulia wageni habari za "mitego ya mwalimu wetu." Nakiri nilipenda kusimuliwa.

Binti wa Muleba peke yake hakucheza. Nikitoa amri ya makosa kwa mwingine, nilimwona ameelewa kabla ya wote. Nikimpa yeye, alinyamaza, akasogea taratibu, akaitekeleza kwa uchungu, kama mtu anayekunywa dawa.

Na sasa jambo lilikuwa limekuwa zito. Meli moja ya abiria na mizigo ilikuwa inatafuta msaidizi wa chumba cha injini, na mkuu wa chuo alikuwa amempendekeza yeye. Nafasi ya namna ile kwa mtoto wa kike wa kutoka kibanjani haiji mara mbili. Kulibaki vitu viwili: mtihani wa vitendo mbele ya mtahini wa kutoka nje, na sahihi yangu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake la mafunzo. Ukurasa ule una maneno machache tu, kwamba mimi mwalimu wake nathibitisha mtu huyu anaweza kuachiwa chumba cha injini. Madaftari mengine kumi na matatu nilikuwa nimekwisha kutia sahihi. La kwake nilikuwa nimeliweka mezani.

Alinijia, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote," nikamwambia. "Hiyo ndiyo shida yako."

Wenzake wakaanza kunong'ona kwamba mzee ana roho mbaya, hataki wanawake melini. Niliumia. Laiti wangejua kwamba nilikuwa nampenda kama mwanangu na ndiyo maana nilikuwa siwezi kusaini. Nilikuwa naiona picha: chumba cha injini chini ya usawa wa maji, yeye na chifu wake aliyechoka, chifu amesahau kitu, na yeye ameona, amefunga mdomo.

Jumamosi nikapanda pikipiki yangu nikaenda Muleba.

Nilimkuta baba yake anapunguza majani makavu ya migomba, kisu kwenye mti mrefu. Alikuwa mtu wa umri wangu au pungufu kidogo, mpole kama binti yake. Alinawa mikono, akanikaribisha ndani, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu. Binti alikuwa nyumbani mwishoni mwa wiki. Alisalimia, kisha akasimama mlangoni pa jikoni, mahali pa mtu anayesikiliza na hayupo. Nikaeleza ya kwangu kuanzia mwanzo, koki, vipuri, daftari, yote. Mzee alitafuna kahawa bila haraka.

"Mwalimu waitu," akasema, kwa neno letu la heshima, "umetoka Bukoba mpaka hapa kuniomba nimfundishe mtoto ubishi?"

"Si ubishi, waitu. Nataka aseme hapana pale ninapokosea."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, hakuwa ananikejeli. "Kwani wewe huwa unakosea?"

Nilimeza kahawa nzimanzima. Ni swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ana kwa ana, na nilishangaa jinsi jibu lilivyokuwa gumu kulitoa.

"Nakosea," nikasema. "Nyumbani kwangu kuna mfereji umelalia mlangoni mwaka wa nne."

Mzee alicheka kidogo. Kisha akasema, bila kugeuka mlangoni alipokuwa binti, "Sisi tumemlea kuheshimu wakubwa, na sitamwambia aache. Lakini nyumba ikishika moto, mtoto hapigi magoti kwanza ndipo aseme." Akanisogezea kijikapu. "Hilo nalo nilipaswa kumfundisha. Sikukumbuka, kwa vile nyumba yetu haijawahi kuungua."

Niliondoka na mkungu wa ndizi nyuma ya pikipiki na matumaini mengi.

Alhamisi binti akanizuia. Nikaagiza injini izungushwe kabla oili haijapandishwa kwa pampu, naye akasema, "Samahani mwalimu, oili bado." Darasa likampigia makofi. Ijumaa akanizuia tena. Nikachukua kalamu, nikamwita mezani, nikamwambia sasa nasaini, nimefurahi sana. Alisimama pale, anasuguasugua vidole. Akasema, "Mwalimu, naomba nikwambie kitu."

"Sema."

"Ukitaka kutega unajikuna sikio. Lile bovu. Sote tunajua. Kwa hiyo nikisema hapana, bado nakutii wewe, maana ndivyo unavyotaka."

Nikaweka kalamu chini. Kwanza nilitaka kukasirika, lakini ningemkasirikia nani? Alikuwa ameeleza tatizo vizuri kuliko nilivyowahi kulieleza mimi. Mtoto mwenye uaminifu wa namna hiyo, na bado nilikuwa siwezi kuandika kwamba aachiwe injini. Nikamwambia tutaona siku ya mtihani, na mimi mwenyewe sikujua tutaona nini, kwa kuwa siku ya mtihani mitego hairuhusiwi.

Mtahini alikuwa kijana mwenye viatu safi na digrii mbili, mtu wa maneno machache. Nilivaa ovaroli iliyopigwa pasi. Utaratibu ulikuwa rahisi: mwanafunzi anakagua injini yote peke yake, anasema yuko tayari, mimi kama chifu natoa amri kutoka upande wa pili kwenye geji, na yeye anawasha. Wanafunzi walingoja nje na kuingia mmoja mmoja. Wa kwanza walifanya vizuri, kijana wa Kemondo alifanya vizuri kwa kelele, na kila injini ilipowaka mtahini aliandika kitu na mimi nikatamani kuchungulia. Binti wa Muleba alikuwa wa mwisho.

Alikagua kila kitu, oili, maji, upepo wa kuwashia, ile hewa iliyobanwa mtungini inayoisukuma injini iwake. Aliingiza mtaimbo mfupi kwenye tundu la flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma, akaizungusha injini kwa mkono kuhakikisha haijakwama, akautoa, akautundika kwenye msumari wake ukutani mbele ya mkono wa kuwashia. Hiyo ni sheria yangu ya bandani: mtaimbo uko msumarini au uko mkononi mwako, hauna mahali pa tatu. Injini ikiwaka mtaimbo ukiwa ndani ya flaiwili, unarushwa kama mshale, na aliyesimama karibu hana hadithi ya kusimulia.

"Niko tayari," akasema.

Hapo mtahini, ambaye asubuhi yote alikuwa hajasema neno la ziada, akaigusa injini akasema, "Kwa umri wake, imetunzwa vizuri mno."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ningenyamaza tu, lakini nilikuwa nimengoja sifa ile tangu saa mbili. Nikamwambia ringi zote nilibadilisha mimi, na kama haamini aone inavyozunguka laini. Nikauchukua mtaimbo msumarini, nikauingiza kwenye flaiwili, nikaizungusha kidogo kwa mkono mmoja, kwa mbwembwe. Akatikisa kichwa kwa kukubali, akaniuliza ringi nilizipata wapi. Nikaanza kumweleza, nikaeleza huku narudi upande wangu wa geji, na yeye akabaki pale pale, ubavuni mwa flaiwili, daftari mkononi. Mkuu wa chuo alikuwa mlangoni, anatabasamu. Nikapaza sauti.

"Washa!"

Sikujibiwa.

Nilidhani woga umemshika, na moyo wangu ukafa, nikasema ndiyo hivyo, tumempoteza leo mbele ya watu. Nikarudia kwa ukali, "Washa!"

"Hapana!"

Sauti ile sikuitambua. Ilijaa banda zima. Nilinyoosha shingo nikamwona ameondoa mkono kwenye mkono wa kuwashia na kufunga upepo, macho yake yako kwenye msumari mtupu.

"Siwashi! Mtaimbo uko kwenye flaiwili. Mtahini, ondoka hapo!"

Yule kijana wa digrii mbili aliruka kama aliyekanyaga siafu. Nikazunguka kutoka upande wangu, nikauona. Ulikuwa umesimama tunduni, nilivyouacha mimi, kimo cha kiuno cha mtu. Nikashika bomba. Ilikuwa asubuhi ya baridi lakini jasho lilinitoka kama maji.

Mkuu wa chuo akacheka harakaharaka, kicheko cha mtu aliyeona mlango wa kutokea. "Huyu mwalimu wetu ana mitego yake," akamwambia mtahini. "Huwapima hivi kila wiki. Wanafunzi wenyewe wanajua."

Mtahini akanigeukia. Uso wake bado ulikuwa umepauka. "Ulikuwa mtego?"

Neno moja tu lilitakiwa. Ningesema ndiyo, ningetoka pale mwalimu hodari mwenye mbinu, chuo kingesifiwa, na hakuna ambaye angebisha, hata binti asingebisha. Lakini nilijua vilevile kwamba nikisema ndiyo, nitakuwa nimemnyang'anya. Hapana yake ingekuwa kama zile za Alhamisi, utii mwingine tu. Nilimtazama. Hakuwa ananiomba chochote kwa macho. Alikuwa ananingoja.

"Haukuwa mtego," nikasema. "Yeye alikagua vizuri. Mimi ndiye niliyeurudisha mtaimbo ndani na kuusahau, kwa sababu ya kutaka sifa. Angenitii, wewe ungekuwa umeumia vibaya, pengine umekufa."

Mkuu wa chuo aliacha kutabasamu. Mtahini aliandika kwa muda mrefu. Kabla hajamaliza, binti akauchomoa mtaimbo, akautundika, akasema kwa sauti ileile mpya, "Ukaguzi umevurugwa. Naomba nianze upya." Kisha akanigeukia mimi, kwa upole wake wa siku zote, lakini bila kutazama chini. "Mwalimu, naomba usubiri nje."

Nikatoka. Banda langu, injini yangu, na nimetolewa nje kama mtoto mtundu! Nilisimama kwenye majani pamoja na wale wengine, ambao walikuwa wamesikia kila kitu, na hakuna aliyethubutu kuniangalia. Kutoka ndani tulimsikia akiita mwenyewe na kujijibu mwenyewe, oili, maji, upepo, mtaimbo msumarini, kimoja baada ya kingine, bila kuruka. Kisha injini ikawaka, ikatulia kwenye mwendo wake. Nililia. Watu waliponiuliza nilisema ni moshi, lakini nilikuwa nimesimama upande usio na moshi, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwenye meli yoyote.

Daftari lake nililisaini siku hiyo hiyo, mezani kwa mkuu wa chuo, kwa herufi kubwa kuliko kawaida. Sasa yuko melini. Huwa ananitumia ujumbe kwenye simu, mfupi mfupi, habari za pampu na za chifu wake.

Mimi nami nililetewa barua. Ni barua ya onyo, ina muhuri wa chuo, na inaniagiza nikae pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye somo la usalama kwa muhula mzima, jambo nililolitekeleza, kwenye dawati la mbele kwa ajili ya sikio. Mke wangu alidhani nitaichana. Nimeiweka juu kabisa kwenye faili la vyeti vyangu, na mgeni akija Kahororo, chai haijapoa naitoa. Aya ya kwanza inanihusu mimi, naisoma kwa haraka kidogo. Ya pili naisoma taratibu, neno kwa neno: kwamba ajali iliepukika kwa sababu mwanafunzi aliyekuwa kwenye mkono wa kuwashia alikataa amri ya mwalimu wake mara mbili. Kisha nakunja karatasi na kumwambia mgeni kwamba mwanafunzi huyo nilimfundisha mimi.